Mlima Nilioufuma Kinyume

Nilizaliwa mahali ambapo mtu akitoka asubuhi kwenda chooni anaiona Kibo, na akigeuza shingo kidogo tu anaiona Mawenzi. Nimevitazama vilele hivyo viwili kila siku isiyo na mawingu tangu nilipoanza kutembea. Hata hivyo, siku nilipopewa kazi kubwa kuliko zote za maisha yangu, nilivifuma kinyume. Nawaambia hili mwanzoni kabisa, wanangu mnaoanza kufuma, ili msiendelee kusoma mkidhani mnafundishwa na bingwa.

Mmeniomba niwaandikie namna ya kutia rangi, na kweli nina madaftari sita ya kazi hii. Nilipoyapitia wiki iliyopita niligundua kwamba mambo ya rangi yanajaza daftari moja na nusu. Mengine yote ni makosa yangu, yameandikwa kwa mwandiko mzuri, mengine yakiwa na michoro. Nadhani makosa yatawafaa zaidi.

Sijazeeka sana. Mabega ndiyo yaliyostaafu, nami nikalazimika kuyafuata. Kazi yangu ya kwanza haikuwa kufuma. Nilikuwa karani wa mizani katika ghala la kahawa la chama cha msingi cha kijiji chetu, huku juu mgombani. Nilipima kahawa ya wakulima, nikaandika kilo, nikashona magunia kwa shazia, ile sindano nene. Katikati ya miaka ya tisini wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia, wakaanza kununua kahawa mlangoni kwa mkulima. Ghala letu likabaki tupu, na mimi nikabaki na funguo na mizani isiyo na cha kupima.

Hapo ndipo Mama Ndeshi alipoliomba ghala. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye kihamba cha tatu, yaani shamba la migomba la tatu kutoka kwake. Alikuwa amejifunza kufuma sufu ya kondoo kwa masista, kisha akafundisha wanawake wanne wa kijijini. Marehemu mumewe, aliyekuwa seremala, alikuwa amemtengenezea mtambo wa kufumia wenye upana wa mita tatu. Walikuwa wakifumia kwenye kibanda kilichokuwa kinavuja. Uongozi wa chama ukawaruhusu kutumia ghala kwa muda. Mtambo uliletwa vipandevipande na kuungwa humo ndani kwa gundi na misumari ya mbao, karibu na ukuta wa mashariki. Ulipokwisha kuungwa, mimi, kwa kuwa ni mtu wa vipimo, niliupima mtambo, nikaupima na mlango. Nikamwambia Mama Ndeshi kwamba mtambo ule hautatoka tena humo ndani ukiwa mzima.

"Kwani nani amekuambia utatoka?" akanijibu.

Niliendelea kufika kila siku kwa sababu funguo zilikuwa zangu na nyumbani sikuwa na kazi ya maana. Nilikaa kwenye mizani nikawatazama. Siku ya nne au ya tano Elina, aliyekuwa mdogo kuliko wote na mwenye ulimi mrefu kuliko wote, akasema, "Karani, ama ushike uzi ama utupishe mwanga." Nikashika uzi.

Nyuzi zinazosimama, zile zinazofungwa juu na chini kwenye mtambo, ni mtande. Uzi unaopita katikati yake kwenda na kurudi ni mshindio. Hayo mnayajua. Nilichokuwa sijui mimi ni kwamba mshindio haupaswi kuvutwa. Unaulegeza, unaupitisha ukiwa umepinda kama kilima kidogo, ndipo unaushindilia chini. Mimi niliuvuta kama nafunga gunia la kahawa. Kitambaa changu cha kwanza kilianza na upana wa sentimita tisini na kikaishia na thelathini na nne. Nilipima. Mama Ndeshi alikishika juu, akakigeuza huku na huku, akaniuliza kwa upole mkubwa, "Baba, hii ni kaptula?"

Kuhusu rangi, nitasema machache. Maganda ya vitunguu yanatoa dhahabu, magome ya miwati yanatoa kahawia nyekundu. Yote mawili yanahitaji shabu, yale mawe meupe yanayouzwa soko la Majengo, ambayo wengine husafishia maji. Bila shabu rangi itakaa mpaka mvua ya kwanza. Utomvu wa mgomba hauhitaji chochote. Kila mtoto wa huku aliyechapwa kwa kuchafua shati la shule anajua kwamba utomvu wa mgomba hautoki. Na sufu ikitoka kwenye maji yanayochemka, msiitumbukize kwenye maji baridi. Mimi niliitumbukiza kilo mbili nzima. Nyuzi zote zilishikana zikawa kitu kimoja kigumu, chenye ukubwa wa paka. Elina alikizunguka kile kitu mara mbili.

"Karani, umepika nini? Mbona kama kinanitazama?"

Kitu hicho kilitumika miaka mingi kuzuia mlango usijifunge.

Kilichonifanya niipende kazi hii hasa ni hadithi. Mama Ndeshi alipokuwa akishindilia mshindio kwa uma wake wa mbao, alisimulia, na pigo la uma lilikuja mwishoni mwa kila sentensi. Alisimulia habari za zamani za mlima wetu. Aliyoipenda zaidi ni ile ya Kibo na Mawenzi, ambayo bila shaka bibi zenu waliwasimulia. Kwa bibi zangu mimi walikuwa ndugu wa kiume. Kwa Mama Ndeshi walikuwa wanawake wawili majirani.

"Wanaume wangegombana kwa ajili ya ng'ombe," alisema. "Ugomvi wa moto ni wa jikoni."

Kibo alikuwa mchapakazi. Mawenzi alikuwa mvivu, moto wake ulizimika kila siku. Akaenda kwa Kibo, akamkuta anatwanga ndizi kavu kwenye kinu. Akaomba moto. Kibo akampa kaa kwenye gamba la mgomba, akamwongezea na ndizi. Njiani Mawenzi akalitupa lile kaa, akarudi kuomba tena, kwa sababu alizipenda zile ndizi. Akapewa. Akatupa tena. Aliporudi mara ya tatu, Kibo aliuchomoa mchi kwenye kinu akamtwanga nao kichwani na mgongoni. Ndiyo maana mpaka leo Kibo ana kitambaa cheupe kichwani, safi kabisa, na Mawenzi amebaki mapengomapengo.

Mimi nilianza kukusanya hadithi hiyo. Niliuliza wazee wa kwetu na wa vijiji vya jirani, nikapata namna saba za kuisimulia, nikazipanga kwenye daftari kwa safu: nani mkubwa, alitwanga nini, alipiga mara ngapi. Mama Ndeshi aliliangalia lile daftari kama mtu anayeangalia ng'ombe aliyevalishwa viatu.

"Haya, karani. Sasa umejua ni ya kweli au ya uongo?"

"Bado nachunguza, mama."

"Chunguza. Sisi tutaifuma."

Nafasi ya kuifuma ikaja. Bwana mmoja, Barnaba, alikuwa anajenga hoteli mjini Moshi kwa ajili ya wageni wanaopanda mlima. Wakati huo hoteli zilikuwa zinaota kama uyoga. Aliona vitambaa vyetu kwenye maonyesho ya kanisani, akaja mpaka ghalani akiwa na viatu vya mjini vilivyokwama kwenye tope. Alitaka zulia la ukutani, mita mbili na nusu kwa moja na nusu, lenye hadithi ya Kibo na Mawenzi, la kuning'inia nyuma ya meza ya mapokezi. Alilitaka kabla ya Krismasi, kwa sababu Krismasi watu wetu wote hurudi nyumbani na alitaka waione hoteli yake.

Wiki hiyohiyo alikuja Mwenyekiti wa chama. Alikuwa mzee mkavu, mwenye haki, ambaye nusu ya maisha yake ilikuwa imekwisha akiamua kesi za mipaka ya vihamba. Nyuma yake alikuja mfanyabiashara wa mitumba, ambaye hakutusalimu sana. Alilipima ghala kwa hatua zake huku midomo ikihesabu marobota.

"Huyu anataka ghala," Mwenyekiti alisema. "Wajumbe wanasema nyie mnacheza na nyuzi. Mimi nimewaambia tuwape nafasi. Krismasi nitakwenda kuiona hiyo hoteli. Nikilikuta zulia lenu limetundikwa mbele za watu, ghala ni lenu. Nisipolikuta, tafuteni msumeno muukate huo mtambo, maana kwa mlango huu hautoki."

Mama Ndeshi aliweka mkono kwenye nguzo ya mtambo, pale ambapo mumewe alikuwa amechonga mwaka na herufi za majina yao wawili. Niliona hilo, wanangu. Nilijua vizuri kabisa kitu gani kiko mikononi mwetu.

Kisha Mama Ndeshi akaondoka. Binti yake aliyeolewa Sanya Juu alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mnajua desturi yetu. Mzazi hutunzwa ndani miezi mitatu, hashiki jembe wala maji baridi, na mama yake ndiye humpikia mtori wa ndizi. Hakuna zulia la kumzuia mama asiende. Usiku mzima kabla hajaondoka sikulala kwa fahari, maana alikuwa ameniambia, "Mchoro utachora wewe. Una mkono wa vipimo."

Nilichora. Nilisimama mlangoni pa ghala asubuhi tatu mfululizo nikiwa na rula mkononi, jicho moja nimefumba, nikipima umbali kati ya vilele viwili. Nilimchora Kibo kushoto, kama anavyoonekana kutoka kwetu, akiwa mwanamke mwenye kitambaa cheupe, kinu kando yake, mkono wa kulia ukimpa jirani kaa la moto. Nilimchora Mawenzi kulia, kichwa wazi, nywele zimechongoka. Ulikuwa mchoro sahihi. Hata leo nautetea ule mchoro.

Sasa sikilizeni kwa makini. Mfumaji wa zulia la picha anakaa nyuma ya kazi yake. Ncha zote za nyuzi, unapobadilisha rangi, zinabaki upande ulioketi wewe, zinaning'inia kama ndevu. Uso safi unatazama upande wa pili. Kwetu ulitazama ukuta, na kati ya mtambo na ukuta palikuwa na nafasi ya kiganja kimoja. Picha unayoiona mbele yako ukiwa unafuma ni mgongo. Uso utakuwa kinyume chake, kulia kwenda kushoto. Kwa hiyo mchoro lazima ugeuzwe kwanza.

Mama Ndeshi hakuwahi kunieleza hilo kwa sababu mapambo yake yote ya zamani yalikuwa pembe na mistari iliyolingana pande zote mbili. Ukiigeuza, ni ileile. Lakini siwezi kumsingizia. Katika daftari langu la kwanza, ukurasa wa kumi na nne, niliandika maneno yake kwa mkono wangu: "Uso uko ukutani." Niliyapigia mstari kwa wino mwekundu. Halafu nikafunga daftari.

Tulifuma kuanzia Septemba, watu watano, nyuzi mia saba na hamsini za mtande. Kadiri kazi ilivyopanda, sehemu iliyokwisha ilizungushwa kwenye boriti ya chini, hivyo tuliona sentimita arobaini tu kwa wakati mmoja. Kila tulichokiona kilikuwa sawa. Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Siku moja Elina aliacha kushindilia.

"Karani, hivi upande wa pili unatokaje?"

Nilimjibu bila kuinua macho. "Upande wa pili ni huuhuu, ila msafi."

Jibu hilo nimelikumbuka kila siku ya maisha yangu tangu hapo.

Tulilikata zulia kutoka mtamboni wiki mbili kabla ya Krismasi. Mwenyekiti alikuwa anapita akaingia kutazama. Tulitandika mikeka, tukalilaza, tukaligeuza uso juu. Kwanza wote tuliguna kwa furaha, maana rangi zilikuwa safi na kaa la moto lilikuwa linawaka kabisa, dhahabu ya vitunguu juu ya wekundu wa miwati. Mwenyekiti aliinama. Akanyooka. Akatoka nje, akautazama mlima, akarudi ndani.

"Huu ni mlima wa wapi?"

"Wetu, Mwenyekiti."

"Wetu sisi, au wa ndugu zetu wa Loitokitok?"

Hakuna aliyecheka. Mawenzi alikuwa kushoto, Kibo kulia, kama mtu anavyowaona akiwa amesimama Kenya. Tulikuwa tumefuma miezi mitatu kumtundikia Bwana Barnaba, mbele ya Wachagga wote waliorudi kwa Krismasi, mlima wa upande wa pili wa mpaka.

"Nitakuja hotelini siku niliyosema," Mwenyekiti alisema, kwa huruma iliyoniumiza zaidi ya hasira. Akaenda zake.

Elina aliniangalia. Nilijiandaa kwa ulimi wake. Lakini alisema tu, kwa sauti ndogo, "Hili litamuua Mama." Heri angenitukana.

Kesho yake nilikwenda mpakani mwa kihamba changu nikakata jani la isale. Tangu wazee wetu, ukimkosea mtu vibaya unampelekea jani hilo, na anayepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Nililifunga kwenye gazeti lisinyauke, nikaenda nalo Sanya Juu. Ilikuwa siku ya soko. Watu waliokuwa wakinunua maharage waliona mtu mzima mwenye koti amebeba gazeti lenye jani linalochungulia, wakajua mara moja kwamba nimeharibu mahali. Mama mmoja mwenye kuuza vitunguu aliniuliza, "Ni mkeo?" Nikamwambia hapana. "Basi ni kubwa zaidi," akasema.

Mama Ndeshi alikuwa amempakata mjukuu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikatoa jani kwa mikono miwili. Alilitazama jani, akanitazama mimi.

"Mtambo umeungua?"

"Hapana, mama."

"Elina amekufa?"

"Hapana. Nimefuma Kibo kulia."

Macho yake yalikwenda mbali, nikaona anageuza zulia zima kichwani mwake. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtoto akaamka akalia, na binti yake akatoka ndani na mwiko kuuliza kuna nini.

"Karani amepima mlima kwa rula," Mama Ndeshi alimwambia akifuta machozi, "halafu akaupeleka Kenya!"

Alilipokea jani. Alimwomba jirani amtunze mzazi siku mbili, tukarudi wote. Njiani hakucheka tena. Alishika jani mapajani kama kadi ya kliniki.

Ghalani hakulitazama zulia likiwa chini. Aliamuru litundikwe kwenye mwanzi katikati ya ghala, kutoka kwenye boriti ya paa, mbali na kuta. Alisimama upande wa uso, upande safi wa Kenya. Akapita chini ya ukingo, akasimama upande wa mgongo, wenye ndevu za nyuzi. Huko Kibo alikuwa kushoto, mahali pake. Akarudi upande wa uso. Akaganda hapo.

"Njooni mwone. Anatoa moto kwa mkono gani?"

Tukasogea. Kwa kuwa picha nzima ilikuwa imegeuka, na mikono ilikuwa imegeuka. Kibo, mchapakazi, mkarimu, alikuwa anamnyooshea jirani yake moto kwa mkono wa kushoto.

"Yesu!" alisema Elina. Hakuna mtu kwetu anayempa mwenzake hata chumvi kwa kushoto.

"Miaka yote najiuliza," Mama Ndeshi alisema polepole, "mtu ana shida ya moto, anapewa, kwa nini autupe njiani? Nilikuwa nasema ni ulafi wa ndizi. Lakini ukipewa hivi? Na mimi ningeutupa."

Nilitoa daftari la namna saba ili niandike ya nane. Akaninyang'anya kalamu.

"Usiandike. Lete shazia."

Akatueleza. Kwani mlima umeegemea ukuta? Mlima una pande mbili, mtu akiuzunguka unageuka. Basi zulia litundikwe katikati ya watu, lizungukwe. Lakini ili hilo liwezekane, mgongo ule wenye ndevu ilibidi uwe uso wa pili. Kila ncha ya uzi ilipaswa kurudishwa ndani kwa sindano na kufichwa kando ya mtande. Zilikuwa maelfu. Na tulikuwa na siku kumi na moja.

Hapa ndipo niruhusiwe kujisifu kwa sentensi mbili. Katika watu wote mle ndani, hakuna aliyekuwa ameshona kwa shazia kama mimi, niliyefunga midomo ya magunia ya kahawa miaka kumi na minne. Ncha zilizama mikononi mwangu kama zimeitwa. Siku ya tatu Elina alisema, "Kumbe karani naye ana kazi yake," na hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa. Siku ya nane mabega yakaanza kuuma, na hayajaacha mpaka leo.

Siku ya kulipeleka hotelini Mama Ndeshi alikuja tena kutoka Sanya Juu. Bwana Barnaba hakufurahi. "Mama, mimi nilisema ukutani."

"Na mlima, baba, umeuona ukutani gani?" Mama Ndeshi alimwuliza. "Upachike hapa, kati ya mapokezi na chumba cha kulia. Mgeni anaingia anauona wa Moshi. Akienda kula anauona kama ameshauzunguka. Wengine hulipa sana wazungushwe."

Hilo la mwisho lilimwingia. Akaita mafundi.

Mwenyekiti alifika siku aliyosema, amevaa suti yake ya kanisani. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa Dar es Salaam wenye watoto wasiojua kuamkia. Alisimama mapokezi, akatazama. Kibo kushoto. Akatikisa kichwa kukubali. Sisi tulikuwa tumejipanga karibu na mlango wa jikoni kama watu wanaosubiri hukumu, na nadhani kweli tulikuwa tunasubiri hukumu. Akapita upande wa pili.

"Hapa ni Loitokitok," alisema.

"Ndiyo, Mwenyekiti," nikajibu.

Akasogea karibu zaidi, akavaa miwani. "Lakini huyu Kibo mbona anatoa kwa kushoto? Ametukana!"

"Upande ule ametoa kwa kipi?" Mama Ndeshi aliuliza.

Mwenyekiti akarudi upande wa kwanza. Tukasikia viatu vyake. Akaja tena. "Upande ule kwa kulia."

"Mwenyekiti, umeamua kesi ngapi za mipaka?"

"Siwezi kuzihesabu."

"Na kila mmoja akija kwako kueleza, yeye alitoa kwa mkono gani?"

Mwenyekiti alilizunguka zulia mara ya tatu, taratibu, mikono nyuma, kama anavyozunguka kihamba chenye ugomvi. Watoto wawili wakaanza kumfuata wakidhani ni mchezo. Aliposimama, alivua miwani akaitia mfukoni.

"Yule wa mitumba nitamwambia atafute ghala lingine," alisema. Kisha akaninyooshea kidole. "Ila huyu asichore tena bila mtu kumzungukia nyuma."

Mama Ndeshi aliondoka jioni ileile kurudi Sanya Juu. Mzazi alikuwa bado na wiki moja ya mtori.

Nilitii agizo la Mwenyekiti kwa namna yangu, yaani kwa kukosea tena. Nilinunua kioo kirefu Majengo, nikakipenyeza nyuma ya mtambo kikaegemea ukuta, ili mfumaji auone uso kupitia katikati ya nyuzi. Nilikaa wiki nzima nikijivunia akili hiyo. Ndipo nikagundua kwamba kioo nacho kinageuza. Uso uliogeuka, ukigeuzwa tena na kioo, unaonekana sawa kabisa. Kwa kioo kile ningeweza kuupeleka mlima Kenya mara mia bila kujua. Kioo kitawaonyesha uzi uliorukwa. Upande hakiwaambii.

Kwa hiyo tulifanya jambo ambalo tulipaswa kulifanya siku ya kwanza. Tuliita watu kumi na wawili, tukapitisha miti chini ya mtambo, tukausogeza kutoka ukutani hatua moja na nusu. Ukapiga kelele kama ng'ombe, lakini haukuvunjika. Tangu siku hiyo mtu anaweza kuinuka kwenye kiti chake, akapita nyuma, akasimama pale anapotazama uso. Mama Ndeshi alifanya hivyo kila baada ya vidole vinne vya kazi, mpaka miguu ilipomkatalia, na tangu hapo alinituma mimi.

Jumanne nilipita ghalani kuwasalimu. Mlinipokea vizuri, mkanipa kiti, sina malalamiko. Lakini niliona kwamba ile nafasi kati ya mtambo na ukuta mmeijaza magunia ya sufu. Mnaona ni mahali pa bure. Yatoeni leo, kabla hamjafuma kidole kingine. Mkifika ukutani mtaona jani la isale, kavu, rangi ya kahawia, limechomekwa kwenye fremu ya kioo. Hilo liacheni.